Kanda ya Pili ya Sikudhani

Hapo zamani, na sisemi zamani za wafalme na majini, nasema zamani za juzi tu, muziki ulipokuwa ukikaa ndani ya kanda na kanda ikilegea unaizungusha kwa kalamu, palikuwa na mwimbaji Muheza aliyeitwa Sikudhani binti Mhina. Sogeeni. Wewe wa mlangoni, ingia au toka, mimi sisimulii watu nusu nusu.

Sikudhani aliimba soul, ule muziki ambao sauti haitoki kooni, inatoka huku chini mnapofungia mkanda. Kanda yake ya kwanza ilikuwa na ngoma na matarumbeta, na ilipendwa mpaka ikawa kero. Ukienda harusini, ndiyo hiyo. Ukienda kunyoa, ndiyo hiyo. Mwalimu mkuu alikutwa akiipiga mluzi mbele ya gwaride la asubuhi, akasingizia jino.

Basi akakaa miaka mitatu, akatoa ya pili. Na ya pili ilikuwa ya polepole. Nikisema polepole mnielewe: gitaa la besi linasema neno moja, linapumzika, linafikiri, ndipo linasema la pili. Matarumbeta hayakuwamo. Alikuwa amefiwa na mama yake katika miaka ile mitatu, na alichokuwa nacho moyoni hakikuwa cha kuchezwa.

Siku ya kuizindua, alasiri ya Jumapili, ukumbi wa mji ulijaa. Watu walikuwa wameshavaa viatu vya kuchezea. Wimbo wa kwanza ukapita, watu kimya. Wa pili ukapita, watu kimya. Wa tatu ulipoanza, mama mmoja wa mstari wa mbele akauliza kwa huruma kabisa, "Mwanangu, unaumwa?" Nyuma huko wakaanza kudai nyimbo za zamani.

Sikudhani akashika kipaza sauti. Alikuwa na hasira, na mtu mwenye hasira hapaswi kupewa kipaza sauti. Akasema, "Sikilizeni watu wa Muheza. Yeyote atakayeipatia kanda hii makazi katika mji huu kabla machungwa hayajaisha mitini, nitamtaja jina lake katika wimbo wa kwanza wa kanda ya tatu. Isipopata makazi, ya tatu hamtaiona, wala mimi hamtanisikia tena."

Ukumbi ukashtuka. Kutajwa katika wimbo si mchezo. Dereva mmoja alitajwa katika ile kanda ya kwanza, mara moja tu, tena haraka haraka, na mpaka leo hajawahi kukaa kwenye foleni ya kitu chochote.

Wiki ya kwanza ikapita. Kanda haikupata pa kukaa.

Wiki ya pili Sikudhani akalainika. Akamwendea Mhando, mpiga besi wake, mtu mzima mwenye maneno machache. Akamwambia, "Kaka Mhando, turudie. Tuweke ngoma, tuongeze mwendo, watu wacheze, yaishe."

Mhando akasema, "Siongezi."

"Watu hawaitaki hivi ilivyo."

"Siongezi."

Na ili lisibaki neno, akaichukua kanda mama, ile ambayo nyingine zote hunakiliwa kwayo, akaitia chini ya godoro lake na kuilalia. Siku tatu hakwenda hata kuswali msikitini, aliswali papo hapo chumbani huku akiliangalia godoro. Sikudhani akachoka kubisha hodi, akaiacha ilivyo.

Wiki ya tatu ndipo likaja balaa lenye jina, na jina lake ni Hoza. Hoza alikuwa mtangazaji wa redio ya mji. Asubuhi alisoma salamu za wasikilizaji, na saa saba mchana, baada ya habari, alisoma matangazo ya vifo. Salamu ziliwekwa muziki wa kuchangamsha, vifo viliwekwa muziki wa majonzi, kutoka kanda moja kuukuu aliyoirithi kwa mtangazaji aliyemtangulia. Siku hiyo mashine ikaitafuna kanda ya majonzi mbele ya macho yake, na zimebaki dakika mbili aingie hewani. Hoza akapeleka mkono kwenye kapu la kanda, akatoa kanda ya kwanza aliyoigusa. Ilikuwa ya Sikudhani, bado na karatasi yake ya nailoni, maana tangu iletwe redioni hakuna aliyeifungua. Akapiga wimbo wa tatu, "Kiti cha Mama". Ukakaa vizuri chini ya majina ya marehemu. Kesho yake akaupiga tena. Na keshokutwa.

Baada ya siku kumi mji mzima uliujua wimbo ule, na mji mzima uliuogopa. Ukisikika dukani, mauzo yanasimama, watu wanaulizana, "Nani tena?" Bwana harusi mmoja aliyejifanya mjuzi wa muziki akaomba upigwe ukumbini. Kina mama wakajifunga khanga viunoni, wakatoka wameongozana, wakiuliza msiba uko nyumba gani. Yule bwana akawakimbilia barabarani, "Ni harusi, mama zangu, rudini mle pilau."

Sikudhani aliposikia hayo alilia. Alikuwa ameweka moyo wake mle ndani, na mji umeugeuza kengele ya kifo. Akakitia kipaza sauti sandukuni, akaenda kwa shangazi yake kujifunza kuoka mikate ya kumimina. Machungwa nayo yalikuwa yameanza kupungua.

Sasa nawaletea Bi Zaujia. Huyu alikuwa mjane, nyumba yake nyuma ya stesheni, na alikuwa na watoto wanne: mmoja Handeni, mmoja Lushoto, mmoja Same, mmoja Korogwe hapo pua na mdomo. Kila wiki aliandika kadi ya salamu, akaipeleka redioni: Bi Zaujia wa nyuma ya stesheni, salamu ziwafikie fulani wa Handeni, fulani wa Lushoto, fulani wa Same na fulani wa Korogwe. Miaka minne aliwasalimu, na kwa miaka minne hakuna aliyekuja.

Nanyi mnajua tangazo la kifo linavyosomwa. Jina la marehemu, halafu habari ziwafikie fulani wa pale na fulani wa pale. Ukiitazama kadi kwa jicho la njaa, na Hoza alikuwa hajala, salamu na kifo vinafanana sana. Jumatano moja kadi ya Bi Zaujia ikaangukia fungu la saa saba.

Bi Zaujia alikuwa anachagua mchele aliposikia "Kiti cha Mama" ukianza, na sauti ya Hoza ikisema kwa uchungu mkubwa kwamba Bi Zaujia wa nyuma ya stesheni amefariki dunia. Akaweka ungo chini. Akajigusa shavu, akalikuta la moto. Kabla hajamaliza kujigusa, majirani walikuwa wameshaingia na mikeka, na wa kwanza aliyemkuta amekaa kitako alianguka chini, yeye ndiye aliyekaribia kuzikwa.

Kesho yake asubuhi watoto wote wanne wakafika, wanalia tangu kituoni. Walipomwona mama yao anakunywa chai, wakalia zaidi, kisha wakakasirika. Mkubwa akasema, "Tumuone huyo Hoza, halafu turudi, nimeacha kazi."

Bi Zaujia akasema, "Mmekuja matangani. Matanga ni siku tatu. Kaeni."

"Mama, hujafa."

"Ningekufa ungekaa siku ngapi?"

Wakakaa.

Akasema tena, "Na huo wimbo, Hoza huukata katikati kila siku. Nimetangazwa nao, nina haki ya kujua unavyoisha. Nitafutieni."

Kanda ikatafutwa, ikaletwa, ikapigwa uani upande wa kwanza na upande wa pili. Watu walikuwa mikekani, hawana la kufanya, hawajavaa viatu vya kuchezea, hawajavaa viatu kabisa. Wakausikia "Kiti cha Mama" mpaka mwisho. Ni wimbo wa binti ambaye mama yake alimwekea kiti kila Ijumaa, na kila Ijumaa yeye alikuwa na kazi. Yule mtoto mkubwa, mwenye kazi yake, akainama, akaanza kulia. Mama yake akamwacha alie.

Siku tatu kanda ile ilipigwa. Siku ya tatu wanaoosha vyombo walikuwa wanaijua yote. Siku ya nne kinyozi akaitaka, fundi cherehani akaitaka, na kina mama wa msiba wakaitaka kwa siku zisizo na msiba. Wimbo haukuogopwa tena. Mitini machungwa yalikuwepo bado, si mengi, lakini yalikuwepo.

Sikudhani akanawa unga mikononi, akarudi ukumbini. Mji ukakusanyika kusikia jina.

Mhando akasimama. "Mimi ndiye. Ningekubali kuongeza mwendo, kanda hii ingechezwa wiki mbili na kusahauliwa. Niliilinda ilivyo, kwa mgongo wangu."

Hoza akamdakia. "Kaka Mhando, kidole chako cha kupigia besi kilibanwa na mlango wiki ile ile, kila mtu alikiona. Hukukataa kwenda mbio, hukuweza. Mimi ndiye. Nani aliyeipeleka kanda hewani? Nani aliyewakusanya wale watu mikekani?"

Bi Zaujia akainuka taratibu. "Hoza, hujaisikiliza kanda hii hata leo. Na mimi uliniua. Mimi ndiye, Sikudhani mwanangu. Watu walikaa uani kwangu, kwa siku tatu zangu, wakaisikia mpaka mwisho."

Mhando akasema kwa adabu, "Mama, wewe ulikuwa unawazuia watoto wasiondoke. Hata ungetangazwa kwa kengele ya shule, ungewakalisha waisikilize."

Bi Zaujia hakukataa. "Ningewakalisha," akasema. "Ila wasingelia."

Ukumbi ukagawanyika, huku Mhando, huku Hoza, huku Bi Zaujia. Ndipo mtu akanyoosha mkono kule pembeni. Alikuwa Shekalaghe, fundi saa, mtu ambaye ukimpelekea saa hukumbuki kama alisema kitu. Akasema, "Samahani. Mimi sikufanya lolote, kwa hiyo mnisamehe nikisema vibaya. Nilinunua kanda hii siku ile ya uzinduzi. Nimeisikiliza kila siku nikifanya kazi. Mama yangu naye alikuwa na kiti. Dada ulisema yeyote atakayeipatia makazi. Kwangu imekaa tangu siku ya kwanza. Sikujua kwamba ilitakiwa pia nipige kelele."

Sikudhani akamtazama, macho yakamjaa machozi. "Kwa nini hukuniambia?" akauliza. "Siku moja tu ungekuja kuniambia. Nilikuwa naoka mikate."

Shekalaghe akainamisha kichwa.

Sasa hapo ndipo walipo. Bendi imekaa, kalamu iko mkononi, mstari umeachwa wazi nafasi ya jina moja, na majina mawili hayaingii, Mhando ameshahesabu mapigo. Sikudhani aliahidi hadharani, hawezi kufungua mdomo wala kuanza kanda ya tatu mpaka ataje. Msinitazame mimi, mimi nimekwisha kusema kwa niaba ya wote na koo linaniwasha. Aliyeilinda kwa kuwa hakuweza kufanya vingine, aliyeisambaza bila kuisikia, aliyeisikilizisha kwa hila ya mama, na aliyeipenda peke yake akanyamaza.

Je, nani alistahili kuimbwa?