Tonge la Beberu

Paukwa!

Pakawa!

Nyie wa kule nyuma mmeitika kama mna njaa. Paukwa tena!

Pakawa!

Haya, sogeeni. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanaulizana habari za asubuhi, palikuwa na boma la bibi mmoja, Bi Kidawa. Nyuma ya nyumba alikuwa na bustani. Mchicha, kabichi, sukumawiki, na pembeni vitunguu vya majani. Kijani kitupu. Humo bomani waliishi Beberu, Punda, Kuku, Bata na Paka. Paka alikuwa na mtoto mmoja tu, Kinyau. Wengine wote walimfia. Basi huyu akamlamba asubuhi, akamlamba mchana, akamlamba jioni, mpaka manyoya yakalala upande.

Sasa, lile boma lilikuwa na desturi yake. Mtoto akiacha kunyonya, hupewa somo wa kumlea. Somo ndiye humlisha tonge la kwanza, mbele ya wote. Lakini kabla hajalisha, na yeye hulishwa tonge na mama mtu, kutoka jikoni kwa mama mtu. Ndiyo shukrani. Na atakayekataa tonge, awe nani awe nani, afungashe virago ahame.

Zamu ya Kinyau ilipofika, somo akawa Beberu. Beberu, jamani! Ndevu mpaka kifuani. Anatembea kwa-kwa-kwa, kwa-kwa-kwa, kama boma lote kajenga yeye. Hakuwa na roho mbaya, tusimsingizie. Kosa lake lilikuwa moja: alidhani tumbo lake ndilo tumbo la dunia nzima. Akatangaza kwamba Kinyau atalishwa majani, apate nguvu kama za somo wake.

Paka hakushtuka kusikia majani. Mwenyewe alikuwa akila. Bi Kidawa akichambua mchicha kwenye ungo, Paka hujisogeza, huchukua jani, nya-nya-nya, huenda zake. Mchicha ukichemshwa, kabla haujatiwa chumvi wala kitunguu, huonjeshwa kidogo. Kisha hurudi kwa panya wake, maana chakula chake hasa ni hicho.

Siku ya shughuli ikafika. Beberu akaja na mzigo mdomoni, pu! akautua. Paka akanusa. Mchicha, sawa. Kabichi, sawa. Akanusa tena, akarudi nyuma. Vitunguu vya majani, fungu zima! Na ndivyo Beberu alivyovitanguliza mbele, kwa kuwa ndivyo alivyovipenda kuliko vyote.

Paka alikuwa na dada yake. Dada huyo alilamba sufuria ya mchuzi wa vitunguu. Akatapika, baada ya siku chache fizi zikageuka nyeupe, pumzi ikawa ya shida, akafa. Paka aliyaona kwa macho yake.

Akamweleza Beberu kwa adabu kwamba kitunguu kwa paka ni sumu. Beberu akacheka, ndevu zikatikisika.

"Mimi nakila tangu utoto wangu, Mama Kinyau. Nitazame. Nimekufa?"

Wakacheka wote. Kuku akacheka mpaka akadondosha yai. Punda akakumbusha desturi: mtoto ale, au mama na mwana wahame. Na nje ya boma kulikuwa na fisi. Paka akabaki katikati. Akikubali, mwana anakufa. Akikataa, mwana anakufa. Machozi yakamlenga. Akafikiri, akafikiri, akafikiri.

"Sawa, somo," akasema. "Desturi ni desturi. Tonge langu kwanza."

Akaingia stoo. Mara, kwaruu! Akatoka na panya mnono, mkia unaning'inia, akamweka mbele ya Beberu.

"Karibu, somo. Mimi nawala hawa tangu utoto wangu. Nitazame. Nimekufa?"

Safari hii hakucheka mtu. Beberu akafungua mdomo, akafumba. Akafungua, akafumba. Mkia ukagusa ndevu, akaruka nyuma, be-e-e! Akamtazama Punda, Punda akatazama mawingu. Aliyekataa tonge anahama, na fisi haogopi ndevu.

"Hiki si chakula changu," akasema kwa sauti ndogo. "Nitaumia."

"Na mwanangu je?"

Beberu akainamisha kichwa. Akavivuta vile vitunguu kwake, akavitafuna mwenyewe mpaka vikaisha, shina na majani. Paka naye akamrudisha panya upande wake. Akawaambia wote kwamba hakuona mtu aliyekataa tonge, ameona somo aliyeelewa. Kisha akachagua jani changa la mchicha, akalichana, akabakiza kipande kidogo kama ukucha. Beberu akamlisha Kinyau. Nya! Kinyau akameza, akapiga chafya, akamkimbilia panya.

Weee! Boma likalipuka. Kuku vigelegele, Bata mabawa pa-pa-pa, Punda akalia mpaka Bi Kidawa akatoka nje na mwiko. Paka akapita katikati yao, mkia juu, mwanawe nyuma, mzima wa afya. Tangu siku ile somo halishi mpaka amuulize mama.

Nanyi wenye paka nyumbani, mnanisikia? Kajani ka mchicha, ka kabichi, ka sukumawiki, kidogo tu na bila kiungo, hakamdhuru paka mzima. Kitunguu, hata majani yake, hata mchuzi wake, msimpe kabisa. Na kikubwa kuliko hayo: ukitaka kumlisha mwenzio, muulize kwanza tumbo lake linataka nini.

Hadithi yangu imeishia hapo, na panya keshaliwa. Mwenye yake aanze.