Tela la Mama Yake Nyamizi

Huko Tabora alikuwepo fundi cherehani, Nyamizi, mwenye ulimi mtamu kuliko halua. Mama yake alipovunjika nyonga, akashindwa kupanda ngazi za nyumba yao, Nyamizi aliazima tela lenye kitanda na choo, akaliweka uani amuuguzie humo.

Mwenyekiti wa mtaa, Bwana Kapufi, akaja juu. "Nyumba ya magurudumu mtaani kwangu? Nakupa siku saba, tela hili liondoke hapa!"

"Sawa, mheshimiwa. Ila mimi mzito wa kuelewa. Niandikie, ugonge muhuri, na ulizungushie chokaa nijue hapa ni wapi."

Kapufi akalizungushia chokaa, kisha akaandika kwa mbwembwe: "Tela liondoke ndani ya alama hii."

Siku ya saba alirudi na mgambo wanne. Tela lilikuwa limesogea hatua tano, mama akichungulia dirishani.

"Mbona bado lipo?" akafoka.

"Ndani ya alama lipo?" aliuliza Nyamizi, akimpa mgambo mmoja barua aisome kwa sauti.

Mgambo wote wakaangua kicheko. Kapufi akanyakua chokaa achore upya.

"Mwenyekiti," mama akaita, "safari hii tuandikie twende kule kwenye jua!"