Mkono wa Kuitoboa Ngoma

Hapo zamani, wala si zamani ya wanyama kusema, ni zamani ya juzi tu, umeme umeshafika na simu zimeshajaa mifukoni, palikuwa na mji mdogo huko kusini ukiitwa Nangurwe. Sogeeni karibu. Mwenye hasira za nyumbani kwake aziache nje, maana hadithi hii inazo zake za kutosha.

Nangurwe wasichana walikuwa wakichezwa unyago, na siku ya kutolewa ndani ilikuwa na mdundo wake mmoja, uitwao Kunyanyua. Mwali alikuwa amekaa siku zote hizo kichwa chini, kafunikwa kanga, macho kwenye mkeka. Kunyanyua ikilia, anainua uso, na wanawake wanamtazama kama mwenzao. Haikupigwa harusini. Haikupigwa kwa mgeni wa serikali. Haikupigwa kwa kujifurahisha. Na mwanamume hakuisikia kabisa. Siku hiyo wanaume wote walijiondokea kwenda mashamba ya mbali, wala hawakuuliza.

Mpigaji alikuwa Bi Likunda, kungwi mkuu. Mwanamke mrefu, mkali, asiyecheka ovyo. Basi mkono wake wa kulia ukaanza kuvimba viungo. Vidole vikakakamaa hata kufunga kifungo cha gauni ikawa kazi. Akawaita wanawake waje wajifunze ngoma. Akamwita Bi Somoe, kungwi mwenzake, akaambiwa magoti yanauma. Akawaita mabinti wa mjini, wakamwambia wako sokoni, labda mwakani. Mwakani ikafika, wakamwambia mwakani.

Aliyekuja ni mmoja, Mwantumu, binti wa kaka yake, mwalimu wa kompyuta pale shule ya sekondari. Akakaa mbele ya ngoma, akapiga, akapiga, akapiga. Bi Likunda akamtazama mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, unapiga kama mtu anayebisha hodi."

Mwantumu hakukasirika. Alijua mikono yake haina ngoma. Lakini alijua kitu kingine. Kuna lugha ya kompyuta ambayo ndani yake mtu haandiki maneno ya kusoma, anaandika midundo. Unaandika herufi kwenye mstari, kila herufi ni pigo, kila nukta ni kimya, na mashine inasoma mstari ule na kupiga. Akaja na kompyuta yake kwa shangazi, akaiweka mkekani.

"Shangazi, ile ya katikati ya ngoma tuiite du. Nitaandika d. Ile ya pembeni tuiite ta. Ile ya kiganja kilichofungwa tuiite ka. Wewe niambie kwa mdomo, mimi naandika."

"Unataka kuiandika Kunyanyua?"

"Nataka isife na vidole vyako."

 Bi Likunda alijua kiapo cha nyumba ya wanawali: mdundo huu unafundishwa mkono kwa mkono, ndani ya nyumba ile tu. Akautazama mkono wake. Halafu akaanza: "Du, nyamaza, nyamaza, ta, ka. Nyamaza. Du, du." Na Mwantumu akaandika:

d . . t k . d d
. t . k d . t .

Mashine ikapiga. Bi Likunda akafura. "Hiyo ni saa ya ukutani! Hiyo si ngoma! Ile ka ya pili inachelewa kidogo, kama mtu anayesita mlangoni. Umeiua!"

Mwantumu akaweka namba ndogo kando ya herufi k, namba ya kuichelewesha. Mashine ikapiga tena. "Zaidi kidogo," akasema shangazi. Akaongeza. "Umezidisha." Akapunguza. Walifanya hivyo mchana mzima, na siku iliyofuata, na iliyofuata, hadi siku moja mashine ilipopiga, Bi Likunda akainua kichwa bila kutaka, na machozi yakamtoka. Akayafuta kwa hasira.

"Sikia," akasema. "Sikio la mwanamume lisiifikie hii."

"Haitafika, shangazi. Nitaisikiliza kwa hedifoni."

Sasa Mwantumu alikuwa na mume, Hemedi, fundi wa muziki wa harusi. Ndiye mwenye spika kubwa kuliko zote Nangurwe. Kompyuta ya nyumbani ilikuwa hiyo hiyo moja, mke anaandalia masomo, mume anatengenezea muziki. Mwantumu akamwambia, "Hilo faili lenye jina langu usilifungue. Ni kazi ya wanawake." Hemedi akasema sawa. Neno la siri la kulifunga Mwantumu hakuliweka; alimwamini mumewe, na neno la mumewe akaona latosha.

Ikaja harusi ya watu wakubwa. Bibi harusi akamwambia Hemedi, "Nataka mdundo ambao hakuna aliyewahi kuuchezea. Ukiniletea yale yale ya kila harusi, nitakufukuza mbele ya wageni." Hemedi akatafuta, akakosa. Akajaribu kutunga, akatunga yale yale. Asubuhi ya harusi akalifungua faili la mkewe. Akaona mistari ya d na t na k. Akaibonyeza icheze.

Jamani, fundi ni fundi. Aliposikia ile ka inayosita, nywele zilimsimama. Akaikimbiza kasi, akaitia bezi, akaiwekea kinanda juu yake, akapakia spika zake akaondoka.

Alasiri, uwanja umejaa, wanaume kwa wanawake, Hemedi akaiachia.

Wanaume wakaruka kucheza. Lakini wanawake, hata wale waliokuwa wakila, hata wale waliokuwa wakinyonyesha, waliinua nyuso zao wote kwa pamoja, kama walioitwa. Wakabaki hivyo. Wengine wakaanza kulia wasijue wanalia nini. Wanaume waliokuwa karibu nao wakashangaa kidogo, wakaendelea kucheza.

Ndipo Bi Somoe aliposimama juu ya kiti. Yule yule wa magoti. Akapiga kelele ikaishinda spika: "Zimeni! Zimeni nyie makafiri! Hiyo ni Kunyanyua! Hiyo ni ngoma ya wanawali! Mnachezea uchi wa mama zenu!"

Muziki ukakatwa. Kimya. Na katika kimya kile mwanamume mmoja akacheka, akasema, "Kumbe ndiyo hii inayotupeleka mashambani?" Wenzake waliokuwa wameshairekodi kwa simu wakaangalia simu zao. Kufika magharibi ilikuwa imeenea mji mzima. Kesho yake vijana wa kijiweni waliipiga mluzi wakiona msichana anapita, na msichana yule aliinamisha kichwa.

Sikilizeni basi jambo lililowafanya wanawake wa Nangurwe wakose usingizi. Wakati huo huo wanawali walikuwa ndani, wanangoja kutolewa. Mmoja wao alikuwa Shamimu, mjukuu wa Bi Somoe. Watoto wale wangeinuliwa nyuso kwa mdundo gani? Ule wa kijiweni?

Sheria ya nyumba ilikuwapo. Kunyanyua ikisikiwa nje, imekufa. Mkono ulioitoa nje ndio uchukue kisu na kuitoboa ngoma mbele ya watu wote. Mwenye mkono huo hakanyagi tena ua wowote wenye ngoma, iwe ya unyago, iwe ya harusi, mpaka anaingia kaburini. Akishatoboa, ndipo makungwi waruhusiwe kutunga mdundo mpya. Kisu ni kimoja, mkono ni mmoja. Wakienda wawili wakashika kisu pamoja, haihesabiki.

Wakakutana uani kwa Bi Likunda, wanawake wote wa mji, ngoma imewekwa katikati, kisu juu yake. Hemedi akaitwa, akasimama nje ya uzio wa makuti, anasikika haonekani.

Bi Somoe akaanza. "Kisu achukue Likunda. Aliapa kama nilivyoapa. Mkono kwa mkono, ndani ya nyumba. Yeye akaitoa kwa mdomo, mkekani kwake, mbele ya mashine. Asingefungua mdomo, leo tungekuwa hapa?"

Wanawake wakaguna.

Bi Likunda akasimama. "Niliwaita! Wewe Somoe nilikuita, ukaniambia magoti. Magoti yale yale yaliyokupandisha juu ya kiti harusini! Nyie wengine niliwaita mkaniambia mwakani. Mlitaka nife nayo, kisha mje kunililia na kusema masikini, kaenda na ngoma yake. Niliyempa ni mwanamke, damu yangu, aliyechezwa kwa ngoma hii hii. Mwanamume sikumpa. Kisu sikishiki."

Wanawake wakaguna, na wengi wakatazama chini.

Akasimama mama mmoja wa sokoni. "Basi achukue Mwantumu. Mdomo wa Likunda ulisema ukanyamaza, maneno yakapita. Ni Mwantumu aliyeyafanya yawe kitu cha kuokotwa. Ngoma ya mkononi haiibiwi. Ngoma ya maandishi inaibiwa. Halafu akaiacha wazi kwenye mashine anayoshika mwanamume!"

Mwantumu akasimama. Alikuwa mpole siku zote, siku ile hakuwa. "Kiapo cha nyumba hakisemi neno juu ya kuandika. Nionyesheni kinaposema. Nilikwenda pale nyie mlipokataa kwenda. Nimekaa na shangazi mpaka ile ka ikasita kama anavyosita yeye. Mnasema niliiacha wazi. Niliiacha kwa mume wangu, niliyemwambia usiguse, akaniambia sawa. Mke akimwamini mumewe, kosa ni la mke? Kisu sikishiki. Na huyo aliye nje ya uzio, anisikie vizuri: nyumbani nisikukute."

Wanawake wakapiga kelele, "Hemedi! Hemedi achukue!"

Sauti ya Hemedi ikatoka nyuma ya makuti, nayo ina hasira. "Nimekosa kwa mke wangu. Neno lake nililivunja, na hilo nitalijibu kwake. Lakini kwenu? Mimi niliambiwa kazi ya wanawake. Nikadhani ni somo la shuleni, nikadhani ni wimbo wa kikundi chao. Nani aliwahi kuniambia kuna Kunyanyua? Siku yenu mnatufukuza twende shambani, tunaondoka, hatuulizi, tunawaheshimu. Sasa mtu asiyejua siri anaivunjaje? Na tena, wanaume walicheza pale uwanjani, hakuna hata mmoja aliyejua anacheza nini. Ungeisha wimbo, wangekula pilau, wangekwenda zao. Aliyewaambia ni nani? Aliyepanda juu ya kiti ni nani? Mimi nilipiga mdundo. Siri aliitoa Bi Somoe!"

 Ua mzima ukageuka kumtazama Bi Somoe.

Bi Somoe akavua mtandio akautupa chini. "Mimi? Mimi niliyeitetea? Mlitaka nikae kimya, wanaume wakanyage kilichoniinua uso mimi, kilichomwinua mama yangu, na mjukuu wangu yumo ndani anakingoja? Kama kuna mwanamke hapa aliyesikia na akaweza kunyamaza, basi huyo ndiye hakuchezwa! Na msijidanganye kwamba hawakujua. Nyuso zenu nyote ziliinuka. Nyuso zenu ziliwaambia kabla yangu. Mimi nilitaja jina tu."

"Wangeziona nyuso wasijue kwa nini," akasema Mwantumu.

"Leo wasingejua. Kesho wangeuliza. Kesho kutwa mke mmoja angejibu."

"Lakini hakuna aliyejibu. Ulijibu wewe."

Bi Somoe akamrukia. Wakashikana, mtu mzima na mwanamke aliyemfunza mwenyewe siku alipokuwa mwali, wakavutana mpaka wakaangukia ngoma, kisu kikaruka kikaangukia mchangani. Wakatenganishwa. Hakuna aliyekiokota.

Wakakutana tena wiki hiyo, wakagombana tena. Waliosema ni Likunda walikuwapo. Waliosema ni Mwantumu walikuwapo. Waliosema ni Hemedi walikuwa wengi, lakini hao hao wakisikia mluzi wa kijiweni walikumbuka ile sauti ya juu ya kiti, wakasita. Ndugu wakaacha kusalimiana. Hemedi akahamia kwa mama yake, na spika zake zikakaa bila kazi maana hakuna aliyethubutu kumwalika. Mwantumu akalifuta lile faili, akalia akilifuta, na haikusaidia kitu, maana lilikuwa kwenye simu za watu wote.

Na wanawali? Hawakuweza kukaa ndani milele. Wakatolewa siku moja asubuhi, wamepakwa mafuta, wamevishwa kanga mpya, wakaketishwa kwenye mkeka vichwa chini. Wanawake wakawazunguka. Ngoma ya zamani haipigwi, maana imekufa. Mpya haitungwi, maana ya zamani haijatobolewa. Wakangoja kimya. Watoto nao wakangoja, maana walikuwa wamefundishwa kwamba kuna kitu kitawaita. Wakangoja, shingo zinawauma, hakuna kilichowaita. Mwishowe Bi Somoe akapiga magoti mbele ya Shamimu, akamshika kidevu kwa mkono wake.

"Inua tu, mjukuu wangu," akasema. "Inua hivyo hivyo."

Shamimu akainua uso. Akawatazama wanawake wote wale waliomzunguka, mmoja mmoja, na alikuwa na hasira kuliko wao.

"Nani kafanya hivi?" akauliza.

Hakuna aliyemjibu.

Haya, nyie mmesikia yote, na wala hamna ndugu Nangurwe wa kumwonea haya. Yuko aliyeisema, yuko aliyeiandika, yuko aliyeichukua, yuko aliyeitaja jina. Mjibuni mtoto: kisu apewe nani?