Wa Kumbebea Nakundwa Mfuko

Hapo zamani, zamani ya juzi tu, palikuwa na mwanamke aliyeitwa Nakundwa. Sogeeni na msikilize vizuri, maana nikimaliza mimi mtasema nyinyi.

Nakundwa aliishi kwenye shamba la mkonge chini ya milima ya Upare. Wenye shamba wa kwanza walikuwa wamechonga uwanja wa gofu katikati ya mkonge, nao ukabaki. Nakundwa akajifunza mchezo huo akiwa msichana, akaolewa akiucheza, akazaa akiucheza. Mwaka huo akafika fainali ya wanawake. Mshindi angekwenda Namibia kucheza na wanawake wa mataifa mengine, na angeruhusiwa kwenda na mtu mmoja wa kumbebea mfuko wa fimbo. Huyo mbeba mfuko ndiye peke yake ambaye sheria inamruhusu kumshauri mchezaji uwanjani. Kumbe si mzigo tu anaoubeba.

Aliyebaki kushindana na Nakundwa alikuwa Zuhura, mwalimu wa sekondari, mwanamke mcheshi ambaye Nakundwa hakuwahi kuuelewa ucheshi wake.

Sasa sheria ya gofu inaweka kikomo cha fimbo, na mfuko wa Nakundwa ulibakiza nafasi ya fimbo moja. Fimbo zilizogombea nafasi hiyo zilikuwa mbili. Zote ziliitwa weji, fimbo fupi yenye uso uliolala, ya kuunyanyua mpira juu ukaanguke taratibu karibu na shimo. Kwa mbele zilifanana kama mapacha. Tofauti ilikuwa chini, kwenye tako. Ya tako jembamba hupenya vizuri chini ya mpira pale ardhi ilipo ngumu, lakini kwenye mchanga laini, ule wa madimbwi yanayochimbwa uwanjani kuwatega wachezaji, huzama kama jembe. Ya tako nene huteleza kwenye mchanga laini, lakini ardhi ikiwa ngumu hudunda, ikaupiga mpira kiunoni ukakimbia ovyo.

Siku moja kabla ya fainali, mume wake Mbonea akamwambia, "Mama Sifa, chukua jembamba. Mvua hatujaiona tangu Pasaka. Uwanja umekauka kama tofali."

Mbonea ndiye aliyembebea mfuko msimu wote, juani, bila kununa. Lakini Nakundwa alikumbuka maneno yake ya wiki iliyopita, walipokuwa wakila: "Ukienda huko Namibia, nyumba hii ataiangalia nani?" Akamtazama mumewe akizifuta fimbo kwa kitambaa, akajiuliza: huyu ananishauri nishinde, au ananishauri nibaki?

Jioni Zuhura akabisha hodi, amebeba papai.

"Sikai, dada," akasema. "Nimekuja kukuambia jambo moja. Madimbwi ya mchanga yamejazwa upya leo. Mchanga wameutoa mtoni, laini kama sembe. Chukua weji ya tako nene."

"Uwanja umefungwa tangu mchana," Nakundwa akasema. "Wewe umeuonaje?"

"Nimeliona tipa likimwaga. Nilikuwa barabarani."

"Na kwa nini unaniambia mimi?"

"Ili tushindane sawasawa." Zuhura akacheka kidogo, akaaga.

Kilichomkaa Nakundwa rohoni ni kile kicheko. Akalitazama papai, akalipeleka kwa mbuzi. Mtu anayetaka kukushinda anakuja mpaka mlangoni kwako kukufundisha namna ya kumshinda? Hapana, huyu anataka fimbo yangu idunde kwenye uwanja mkavu watu wacheke. Hapo akaamua. Akaitia mfukoni weji ya tako jembamba, ile nyingine akaisukuma chini ya kabati, na mfuko akaulaza sebuleni.

Wifi yake Nanzia alikuwa akifagia ua, karibu na dirisha la sebule. Wakatazamana, hawakusemeshana. Nanzia, dada yake Mbonea, alipika kwenye jiko la klabu, naye aliishi nyumba hiyohiyo. Mwaka mmoja nyuma hereni za Nakundwa zilipotea, naye akamwita wifi yake mwizi mbele ya wageni. Baadaye hereni zikaonekana ndani ya soksi za mtoto. Nakundwa hakuomba radhi, Nanzia hakudai, na tangu hapo chumvi waliombana kwa kupitia watoto.

Asubuhi mchezo ukaanza. Nakundwa alicheza vizuri, akatangulia. Walipofika shimo la saba akaingiza mkono mfukoni kuchukua weji, akapitisha kidole gumba chini yake. Lilikuwa tako nene.

"Baba Sifa! Nani ameugusa mfuko huu?"

"Hakuna. Niliuchukua palepale ulipouweka."

"Fimbo imebadilishwa."

Mbonea akaitazama, akaanza kuifuta kwa kitambaa. Na kule kufutafuta Nakundwa akakuhesabu kuwa ni ushahidi. Kurudi nyumbani hakukuwezekana, sheria haimruhusu mchezaji kubadilisha fimbo katikati ya mchezo. Akapiga kwa hiyohiyo. Fimbo ikadunda kwenye udongo mkavu, mpira ukachomoka kama panya, ukapotelea kwenye mkonge. Watu wakacheka. Akapoteza uongozi wote pale pale. Zuhura akatikisa kichwa, na Nakundwa hakujua kama anamsikitikia au anamsimanga. Kuanzia hapo hakumsemesha mumewe. Alichukua fimbo mwenyewe, akairudisha mwenyewe.

Walifika shimo la mwisho wakiwa sawa. Mpira wa Zuhura ukatua kwenye nyasi fupi, karibu na bendera. Mpira wa Nakundwa ukaingia kwenye dimbwi la mchanga.

Akashuka dimbwini. Miguu ikazama mpaka kwenye kamba za viatu. Mchanga ulikuwa mpya, laini kama sembe. Kumbe Zuhura hakudanganya! Akaishika ile weji ya tako nene, akapiga. Tako likateleza chini ya mpira, mchanga ukaruka, mpira ukapanda, ukashuka kwa adabu, ukasimama hatua chache tu kutoka shimoni. Zuhura akapiga wake, ukazunguka ukingo wa shimo ukakataa kuingia. Nakundwa akausukuma wake ukatumbukia. Akashinda kwa pigo moja.

Kwenye baraza la klabu mwenyekiti, Bwana Kiangi, akamuuliza, "Mama, utakwenda na nani? Nahitaji jina sasa hivi."

Kabla hajajibu, Nanzia akatoka jikoni akifuta mikono kwenye khanga.

"Fimbo niliibadilisha mimi, wifi. Jana mchana nilimsikia Zuhura hapa barazani akimwambia mwenzake: nitampa Nakundwa ukweli, na kwa jinsi anavyonishuku atafanya kinyume. Ningekuambia, ungeniamini? Mimi mwizi wako? Ukweli ule ungebaki chini ya kabati kama nisingenyoosha mkono. Nichukue mimi."

"Umegusa mfuko wangu nikiwa nimelala," Nakundwa akasema. "Shimo la saba nilifedheheka kwa sababu yako."

"Na shimo la mwisho?"

Nakundwa akamgeukia Zuhura. "Ulisema hayo?"

"Niliyasema," Zuhura akajibu, wala hakuinamisha uso. "Nilijua hutaniamini. Lakini nilikuja mlangoni kwako waziwazi, jua likizama, nikakutazama machoni, nikakuambia lililo kweli. Mumeo alikupotosha. Wifi yako alinyamaza. Moyo wangu ni wangu, dada, ila maneno niliyokupa yalikuwa sahihi. Kama ungenisikiliza, ningekukosea nini? Na kuujua mchanga naujua. Nichukue mimi."

Mbonea alikuwa amekaa pembeni, mfuko bado begani.

"Mimi nilikosea," akasema. "Sikujua habari ya mchanga. Nilikuambia nilichokiamini, na nyumbani ningebaki nikuombee kama ungeniacha. Ulinishuku mchana kutwa, Mama Sifa, nikaubeba mfuko wako mpaka mwisho. Hawa wawili walijua kitu, kila mmoja akakitumia kwa njia yake. Mimi sikukuficha hata neno. Nichukue mimi."

Bwana Kiangi akakohoa. "Jina, mama."

Nakundwa akawatazama mmoja mmoja. Kule Namibia angesimama ugenini, mpira umelala vibaya, na mtu mmoja tu wa kumuuliza: nichukue ipi? Akafungua mdomo, akataja jina.

Mimi nalijua jina hilo, lakini silitamki hapa kabla sijawasikia nyinyi. Yupo aliyependa akakosea, yupo aliyesema kweli kwa nia mbaya, na yupo aliyeokoa kwa mkono wa siri. Haya, semeni: katika hao watatu, nani alistahili kuubeba ule mfuko?