Choo Alichokizindua Mheshimiwa Fisi

Paukwa!

Pakawa!

Mliokaa mbele, mnanisikia?

Tunakusikia!

Na nyinyi wa nyuma, mmelala?

Hatujalala!

Basi atakayesinzia jirani yake amfinye, maana ngano ya leo ina mkubwa na mdogo, ina machozi kidogo, na katikati yake, mtaniwia radhi, ina choo.

Zamani, tena si zamani sana, mbuga moja iliingiwa na ugonjwa wa midomo. Mnyama anaamka asubuhi, mate yanamtoka, ulimi umevimba, midomo imejaa vidonda. Jani hatafuni, maji hanywi. Anakonda, anakonda, mpaka anaanguka, pu!

Wanyama wakakaa baraza. Nyati, mwenyekiti wao, akasema ugonjwa huu unataka msimamizi. Fisi akanyoosha mguu kabla wenzake hawajaelewa wanaulizwa nini.

"Nipeni mimi," akasema. "Tumbo langu gumu, siugui ovyo. Na tangu leo, kwa huruma niliyo nayo, nyama siionji mpaka msiba huu upite. Nitakula majani kama nyinyi."

Wanyama wakafurahi, wengine wakatokwa na machozi. Mimi ningekuwepo ningeuliza, fisi na majani wapi na wapi? Lakini sikuwepo. Wakampa kazi. Wakapanda mlimani wote, wakabandua magome machungu yanayotibu midomo, wakayabeba mpaka pangoni kwa Fisi, yeye ayagawe.

Fisi akakaa kwenye kiti, akaanza kutunga sheria. Kila mgonjwa apelekwe karantini, nyuma ya kilima, na jamaa zake wamfunge mguuni uzi wa ukindu wenye rangi ya ukoo, asije akapotea. Ndege wote marufuku kuruka juu ya kilima bila kibali, wasiwasumbue wagonjwa kwa kelele za mbawa. Na kibali anatoa nani? Fisi. Na yeyote mwenye maswali mengi achunguzwe, huenda analishwa na mbweha wa ng'ambo, wale walioapa kuiangamiza mbuga, wanaovizia watoto kivukoni.

Basi wagonjwa wakaenda nyuma ya kilima. Kwenda walikwenda. Kurudi, hakurudi hata mmoja.

Sasa, katika mbuga hiyo aliishi digidigi mmoja jina lake Siwatu, na mumewe Pandu. Digidigi mnamjua, mnyama mdogo, miguu kama vijiti, macho makubwa kama mtu aliyeshtuliwa. Digidigi akishaoa, ameoa. Hawa wawili walikuwa na kichaka kimoja, kivuli kimoja, na choo kimoja. Msicheke! Ukoo wa digidigi haujisaidii ovyo. Babu alikwenda pale, baba alikwenda pale, na wao wakawa wanakwenda palepale, Siwatu upande wa kulia, Pandu upande wa kushoto, mpaka pakawa kama kichuguu. Na kila asubuhi Siwatu hupita kuangalia. Kwao ndivyo wanavyojuliana hali. Mdomo unaweza kusema sijambo, lakini pale pahali hapadanganyi.

Asubuhi moja Siwatu akapita, akaona upande wa Pandu hapana kitu.

Akarudi mbio kichakani. "Mume wangu, fungua mdomo."

"Sijambo, mke wangu."

"Fungua."

Pandu akafungua. Vidonda tupu. Siwatu akasikia moyo unamshuka mpaka kwatoni. Akachuma jani laini, akalitafuna yeye, akamtia Pandu mdomoni polepole, huku anamwimbia:

*Pandu, Pandu, inuka ule,*
*kichaka ni kilekile,*
*nami ndiye yuleyule.*

Pandu akameza kidogo, kingine kikamwagika.

Siwatu akaenda pangoni. "Hodi, hodi, Mheshimiwa!"

"Nani?"

"Mimi Siwatu. Mume wangu anaumwa. Naomba gome la dawa."

"Dawa ipo. Mchakato unaendelea."

Kesho yake akarudi. "Hodi, hodi, Mheshimiwa! Naomba gome la dawa."

"Dawa ipo. Mchakato unaendelea."

Akarudi tena. Safari hii Fisi akatoka mwenyewe, tumbo limemtangulia, anajilamba midomo. "Dawa ipo, mama. Mchakato unaendelea. Hi-hi-hiii!"

Siwatu akamtazama yule mla majani alivyonona, swali likamjaa kooni. Akalimeza. Akaenda kwa Tumbusi, aliyekuwa amejikunyata juu ya mti mkavu. "Ndugu yangu, wewe Mungu amekupa macho. Nyuma ya kilima kuna nini?"

"Dada, sijui," Tumbusi akajibu. "Tangu sheria itoke sijaruka upande ule. Nikinyanyua bawa tu, naambiwa jasusi."

Basi baraza lilipokaa, Siwatu akasimama katikati. Hata majani yalimzidi urefu. "Wazee, dawa tuliibeba wote. Iko wapi? Na wagonjwa wetu je, wako wapi?"

Fisi akasimama taratibu. "Jamani, huyu nani anamlisha?"

Neno hilo! Pundamilia akasogea kando. Swala akasogea kando. Siwatu akabaki peke yake pale katikati, kila mtu anatazama chini. Nyati akakohoa, akasema, "Mama Siwatu, kaa chini." Siwatu akakaa chini. Walimuuma wale kuliko Fisi, kwani kwa Fisi hakutarajia wema, lakini hawa walikuwa jirani zake.

Fisi akampitia karibu, akamnong'oneza. "Kesho nakuja kumchukua mgonjwa wako."

Siwatu akarudi kwa Pandu, akajilaza ubavuni pake. Pandu akamwambia, "Niache niende, mke wangu. Wasije wakakudhuru na wewe."

"Wewe kula," Siwatu akasema. Akamtafunia jani, akamwimbia, na huku anaimba, anawaza.

Jua lilipochomoza, Fisi huyo! "Mgonjwa yuko wapi?"

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba. Mgonjwa yuko wapi?"

"Yumo ndani, namfunga ukindu. Ila Mheshimiwa, huku nje wanasema."

"Wanasema nini?"

"Wanasema msimamizi wetu hana mradi. Mbuga ya jirani, msimamizi wao kajenga kitu, kakizindua, kaimbiwa na vigelegele juu."

Masikio ya Fisi yakasimama. "Kaimbiwa?"

"Mpaka wakaishiwa sauti."

"Kajenga nini?"

"Choo. Ugonjwa hufuata uchafu, Mheshimiwa, na sisi digidigi choo ni kazi ya ukoo. Pale uwanja wa baraza, mstari mmoja, kila mnyama na sehemu yake, na uzio wa matawi kwa ajili ya heshima. Wewe uzindue."

"Choo kinazinduliwaje?"

"Mheshimiwa naye! Kwani choo kinazinduliwaje?"

Fisi akafikiri. Halafu akaelewa, akacheka, hi-hi-hiii! "Na huyu mgonjwa?"

"Kupima sehemu ni kazi ya wawili. Nikibaki peke yangu sitamaliza. Umchukue baada ya sherehe. Hata hivyo amekonda, Mheshimiwa, ni ngozi na mifupa."

"Mifupa si mibaya," Fisi akasema, mate yakamdondoka. Akayafuta upesi. "Nina maana, mifupa ya wananchi ni jambo la kuangaliwa. Haya, baada ya sherehe."

Siwatu akafyeka, akafagia, akapima. Pandu alimsaidia kwa kulala pembeni na kumtazama, na kwa Siwatu hiyo ilikuwa nguvu ya kutosha.

Siku ya sherehe uwanja ukafurika. Fisi akatoa hotuba ndefu juu ya usafi, na juu ya majani anayokula yanavyompa afya. Kisha Siwatu akasema, "Mkubwa hutangulia." Ngoma zikalia, ti-ti-ti! Fisi akaingia nyuma ya uzio, mwanzo wa mstari.

Po! Po! Po!

Vigelegele! Fisi akatoka, anapunga mguu, anainamisha kichwa kushukuru. Sasa Fisi ana tabia moja, nyuma yake haangalii. Macho yake siku zote yako kwenye mlo unaofuata. Wakafuata wengine. Nyati, pwaa! Twiga, kutoka juu huko, ta-ta-ta-ta! Pundamilia, Swala, kila mmoja sehemu yake.

Walipomaliza, Siwatu akasema, "Wazee, kwetu choo hakijazinduliwa mpaka kimeangaliwa. Ndivyo tunavyojua nani mzima na nani mgonjwa."

"Hakuna haja!" Fisi akasema.

Lakini Siwatu alikwisha kuvuta tawi la kwanza, na uzio wote ukalala chini. Wanyama wakaangalia. Kijani. Kijani. Kahawia. Kijani. Na pale mwanzo wa mstari, cheupe kama chokaa.

Jamani, mtoto mdogo wa mbuga anajua kwamba choo cheupe ni cha mla mifupa.

Nyati akauliza, "Hiki cheupe cha nani?"

"Si changu," Fisi akasema.

"Nani alitangulia?"

"Majani ya siku hizi, Mwenyekiti, yana chokaa sana."

Siwatu akasogea, akakifukua kile cheupe kwa ncha ya kwato. Ukatokea uzi wa ukindu, wa zambarau. Mama Swala akaja mbele, anatembea kama mtu anayevuka maji asiyoyajua kina. Akauinamia, akaunusa.

"Huu niliusuka mimi," akasema. "Nilimfunga Sihaba mguuni. Aliniuliza, mama, nitarudi lini? Nikamwambia, ukipona tu."

Siwatu akaenda akasimama karibu naye, bega lake likafika kwenye goti la mwenziwe, wakasimama hivyo.

"Mbweha wa ng'ambo wametia uzi huo!" Fisi akapiga kelele. "Ni njama!"

Nyati akainua kichwa. "Tumbusi! Ruka, utazame nyuma ya kilima."

"Sina kibali, Mwenyekiti."

"Kibali ndicho hicho nimekupa. Ruka!"

Frrrr! Tumbusi akapaa, akazunguka, akarudi. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Karantini hakuna. Kuna mifupa na nyuzi za ukindu, za rangi zote. Magome yamo pangoni, hayajagawiwa hata moja. Na mbweha wa ng'ambo ni kweli wapo. Wako mlango wa nyuma wa pango la Mheshimiwa, wanakula mabaki yake. Wamenona."

Kumbe! Aliyekuwa akiwauliza wenzake nani anawalisha, mlishaji wa mbweha ndiye yeye, tena aliwalisha watoto wa haohao wenzake. Na dawa alizuia kwa sababu nyepesi tu. Dawa ikigawiwa, wagonjwa watapona. Wagonjwa wakipona, Fisi atakula nini?

Nyati akainamisha pembe. Fisi akasema, "Wananchi, mchakato..." na neno hilo hakulimaliza. Alitoka mbio, mkia katikati ya miguu, na Nyati nyuma yake, na mbuga nzima nyuma ya Nyati, mpaka ng'ambo, yeye na mbweha wake. Mpaka leo Fisi akitembea utaona mgongo wa nyuma umeshuka. Bado anaziogopa zile pembe.

Nyati akarudi akihema, akamwinamia Siwatu. "Tulikuambia ukae chini."

"Mliniambia."

"Tusamehe, mama."

"Nitawasamehe," Siwatu akasema, "lakini si sasa. Kwanza dawa."

Wakaifuata pangoni. Magome mengine yalikuwa yameoza, mengine mazima. Mama Swala ndiye aliyebeba gome la Pandu, alikataa kupokewa. Siwatu akalitafuna, chungu hilo, machozi yakamtoka, akamtia mumewe mdomoni kidogo kidogo.

*Pandu, Pandu, inuka ule,*
*kichaka ni kilekile,*
*nami ndiye yuleyule.*

Wakalala. Asubuhi Siwatu akapita kuangalia, kama kawaida yake, lakini safari hii alikwenda polepole, maana aliogopa. Akatazama upande wa kushoto. Palikuwa na vidonge vidogo, vichache, vyeusi, vinang'aa kwa umande.

Siwatu akakaa chini palepale, akalia kwa furaha. Na kule kichakani akasikia sauti kavu, yenye mikwaruzo, inaimba:

*Siwatu, Siwatu, nami nile,*
*kichaka ni kilekile...*

Haya, na funzo lake? Funzo ni kwamba wakubwa waaminiwe, wadogo wanyamaze, na anayeuliza maswali ana lake jambo. Ndivyo Fisi anavyowafundisha wanawe huko ng'ambo mpaka leo, nami ni nani nimpinge msomi? Kwa hiyo watoto wangu, msiulize kitu. Chukueni jembe, mchimbe choo, mumkaribishe mkubwa atangulie, mpige vigelegele. Kisha mtazame.

Ngano yangu naitua hapa. Mkiiona tamu, ibebeni nyote. Mkiiona chungu, itafuneni hivyohivyo, kwa maana Pandu hakuponywa na asali.

Tumesikia!

Basi lalani salama.