Karo la Bi Mize

“Ardhi humeza, haifichi.” Ndivyo alivyowaambia baba yenu asubuhi hii alipowakuta mkisukumia taka nyuma ya banda la kuku, nanyi mkaitikia “ndiyo, baba” kama watu walioelewa. Hamkuelewa kitu. Sogezeni mikeka basi, na anayetaka kusinzia akasinzie ndani. Methali hii haikuanza kwa wafalme wala kwa sungura na fisi. Ilianzia chooni, na wa kucheka acheke sasa amalize.

Palikuwa na mwanamke wa hapa Kidutani, Bi Mize binti Vuai, mpishi wa biriani. Harusi ambayo hakuipikia yeye watu waliila, lakini hawakuisimulia. Alipochoka kuinamia masufuria ya watu, alijenga nyumba ya wageni juu ya kile kilima kidogo, vyumba vitano, kila kimoja na choo chake cha ndani. Zama zile choo cha ndani kilikuwa habari ya mjini, na Bi Mize alivyojivunia vyoo vyake ungedhani kavizaa. Ukienda kumjulia hali, kabla hujapewa kiti ushavutiwa mnyororo usikie maji yanavyonguruma.

Chini ya kilima alikaa shoga yake tangu utotoni, Bi Kazija. Uani kwa Bi Kazija ndipo kilipo kisima ambacho mtaa mzima ulikuwa ukichota maji. Mwaka ule Ame, mtoto wa Bi Kazija, alikuwa anaoa mke kutoka Pemba, na Bi Mize alishaahidi mbele za watu: “Wakwe zako wote watalala kwangu, shoga. Hapana atakayelala chini.” Ahadi hiyo ndiyo iliyokuwa ikimnyima raha. Harusi ilikuwa imekaribia, na nyumba isingefunguliwa mpaka bwana afya aje alikague karo, lile shimo la kupokea maji ya vyooni.

Kwa karo lenyewe hakuwa na wasiwasi hata chembe. Fundi Mcha, aliyelichimba, alihangaika na jiwe la matumbawe mpaka mikono ikamtoka malengelenge. Halafu sururu ikapenya, pakafunguka tundu jeusi. Badala ya kuliziba, akashangilia. “Bi Mize, una bahati wewe. Hili ni pango. Karo lako halitajaa mpaka kiama.” Bi Mize akafurahi, akawagawia watoto maandazi. Wenziwe mjini walikuwa wakihangaika kutafuta gari la kunyonya majitaka, na yeye ardhi yake inameza tu.

Bwana afya alikuwa kijana mmoja mtaratibu, jina lake Shaame. Alikagua vyoo, akavisifu, kisha akaomba karo limwagiwe maji. Yakamwagwa mapipa kwa mapipa. Maji yakashuka, yakakohoa kidogo mle pangoni, yakapotea. Fundi Mcha akakunja mikono kifuani akitabasamu.

“Yamekwenda wapi?” Shaame akauliza.

“Chini.”

“Chini kwa nani?”

Fundi akamtazama Bi Mize, Bi Mize akamtazama fundi.

“Mwanangu,” akasema Bi Mize, “chini ni chini. Huko hakukai mtu.”

Shaame hakubishana. Alisema tu kwamba karo linalojaa humsumbua mwenyewe, lakini lisilojaa huenda linamsumbua mwingine, na kabla hajatoa ruhusa angependa kuyafuata maji yale. Akauliza kama ipo rangi yoyote isiyodhuru. Hapo Bi Mize alikuwa keshapandwa na mori. Akaingia ndani, akatoka na kopo zima la rangi ya biriani, lile aliloliwekea harusi ya Ame. “Hii hata mtoto mchanga anakula. Mwaga yote. Ikionekana popote, tundu hilo nitaliziba kwa mikono yangu mwenyewe.” Wakaimwaga, wakaisukuma kwa mapipa mengine ya maji, kila mtu akaenda zake.

Sasa Bi Kazija siku hiyo alishinda mjini kwa mahitaji ya harusi, na habari ya rangi hakuisikia. Kesho yake aliamka alfajiri, giza bado halijafunguka, akateka maji, akaitia humo kanzu ya bwana harusi. Ilikuwa mpya, nyeupe pe, anataka kuitoa uwanga wa dukani tu. Akaisuuza, akaianika, akaingia ndani kuswali. Alipotoka jua limeshachomoza.

Bi Mize alikuwa barazani kwake anakunywa chai ya maziwa aliposikia vicheko vinapanda kilima. Mbele alikuwa Bi Kazija, kanzu kaishika kwa ncha za vidole, na nyuma yake nusu ya mtaa. Kanzu ilikuwa ya rangi ya machungwa, toka ukosi mpaka pindo.

“Mize,” akasema Bi Kazija, “harusi bado, biriani yako imeshafika.”

“Umeifulia wapi hiyo?”

“Kwa maji ya kisimani. Kila ndoo inayotoka leo ni hivihivi. Watoto wanagombania kuogea.”

Bi Mize alicheka. Alicheka kwa sababu wote walikuwa wakicheka, na kwa sababu kanzu ile ilichekesha kweli. Kisha akaikumbuka chai yake. Alikitazama kikombe chake, akaona maziwa yamefunika kila kitu. Akafunua birika. Maji yaliyobaki mle yalikuwa ya machungwa, maana naye aliteka kisimani humohumo.

Akaviwaza vile vyumba vitano vimejaa wakwe, na minyororo inavutwa toka asubuhi mpaka jioni. Hofu na aibu zikamshika kwa pamoja. Angemnywesha shoga yake. Angemnywesha bwana harusi na bibi harusi. Na angejinywesha mwenyewe, tena kwa sukari.

“Fundi Mcha,” aliita taratibu, kwani fundi naye alikuwemo katika kundi. “Uliniambia ardhi inameza.”

“Inameza, Bi Mize.”

“Inameza,” akasema, “lakini haifichi.”

Neno likawaingia wote. Bi Kazija akaitupa kanzu begani, akaketi barazani karibu na mwenziwe.

“Sasa huzuni ya nini? Hujamnywesha mtu choo bado. Umetunywesha biriani.”

“Na wakwe zako? Si niliahidi?”

“Watalala majumbani mwetu. Wanakuja kuozesha, hawaji kukagua vitanda.”

Ikawa hivyo. Wapemba wakagawanywa nyumba kwa nyumba, wakalala wamebanana, na kwa kubanana huko hata waliokuwa wakali wakazoeana. Ame akakataa kununuliwa kanzu nyingine. Akaoa na ileile, akiwaka katikati ya watu, na wajomba wa bibi harusi wakadhani ndiyo fasheni mpya ya Unguja. Mmoja akauliza fundi wa kuishona anapatikana wapi.

Harusi ilipokwisha, Bi Mize alitimiza neno lake. Alishuka kwa ngazi, akaweka jiwe la kwanza katika lile tundu kwa mkono wake, na mtaa ukafanya msaragambo, kila mtu na mkono wake, wa kulimalizia kwa mawe na saruji. Shaame akachagua mahali pa karo jipya upande wa pili wa kilima, mbali na kisima, penye udongo mwekundu mzito. Akataka liwe na vyumba viwili, vilivyosakafiwa visivujishe hata tone. Uchafu utulie katika cha kwanza, maji yaendelee kutulia katika cha pili. Kutoka hapo yapite kwenye mabomba yenye vitundu, yaliyolazwa juu ya kokoto na mchanga, yanywewe na udongo kidogo kidogo. “Ardhi ni msafishaji mzuri sana, Bi mkubwa,” alisema, “lakini haitaki kuharakishwa.” Akaacha na mifuniko ya kufunulia, ili likaguliwe na kunyonywa kila likihitaji.

“Na hili litajaa?” Bi Mize akauliza.

“Litajaa. Ndio uzuri wake.”

Kazi ilipokamilika wakalimwagia rangi tena, kopo zima, na kisima kikalindwa kama bibi harusi mpaka Shaame alipoona muda umetosha. Mtaa mzima ukakusanyika. Bi Kazija akashusha ndoo, akaipandisha, na maji yake yalikuwa meupe kabisa. Shaame akayatazama, akatabasamu.

“Mimi nimeridhika. Fungua nyumba yako, Bi mkubwa.”

Bi Mize hakuondoka pale. Alichovya bilauri katika ile ndoo, akamshikisha Bi Kazija.

“Ruhusa ninayoingoja ni yako.”

Bi Kazija akaiinua bilauri juani, akaizungusha, akamwacha mwenziwe ateseke kidogo. Kisha akayanywa maji yote, akaipindua bilauri isibaki hata tone.

“Fungua, Mize.”

Vigelegele vya siku ile vilizidi vya harusi. Na tangu hapo, hapa Kidutani mtu akidhani jambo limekwisha kwa kuwa amelifukia, hatugombani naye wala hatumfokei. Tunamwambia tu: ardhi humeza, haifichi.