Ukuta Alioubomoa Ngulumbi

Sogeeni, wenye kusikia, na aliyeshiba leo akumbuke kwa nini ameshiba. Zama zile bendera ya wageni ilipokwisha kushushwa na yetu ikapanda mlingotini ikiwa bado na mikunjo ya kabatini, nchi hii ya Ulangwe ilipata baraza lake la kwanza la mawaziri, na katika baraza hilo alikuwamo Ngulumbi, mwana wa Mlekwa mchonga mawe, mwana wa Mihayo mchimba visima. Ndiye Fahali wa Machimbo, Bega Lisilotua Mzigo, aliyebeba peke yake jiwe lililowashinda watu sita, kisha akauliza lingine liko wapi. Kusoma hakusoma sana, lakini alijua kinachousimamisha ukuta, na alipotajwa kuwa Waziri wa Ujenzi hakuna aliyeguna.

Mawaziri walikuwa tisa. Wanne walitoka milimani, wanne bondeni, naye Ngulumbi alikuwa mmoja wa hao wa bondeni. Wa tisa alikuwa Waziri Mkuu Luhende, ambaye mama yake alizaliwa mlimani na baba yake bondeni, kwa hiyo pande zote mbili zilimshuku sawasawa. Nyumba waliyopewa ni ile aliyoihama gavana, nyumba ya mawe yenye mlango mmoja mwembamba wa mbele, uliojengwa mwembamba makusudi ili anayeingia aingie peke yake na askari amwone vizuri.

Hapo ndipo mila yetu ilipotuponza, nami siitukani, maana ni mila ya wazee. Kwetu nyumba mpya ni ya yule anayevuka kizingiti wa kwanza. Wanaomfuata ni wageni wake, na mgeni hula, hushukuru, wala haulizwi achinjwe kuku yupi. Basi asubuhi ya kuapa mawaziri walifika mlangoni na suti zao mpya, wa milimani wakawatazama wa bondeni, wa bondeni wakawatazama wa milimani, na hakuna aliyekubali kumwachia mwenzake njia.

"Hatuingii ugenini katika nchi yetu," walisema wa milimani.

"Na sisi je, tuliingoja miaka yote hii tuje kukaribishwa?" walijibu wa bondeni.

Luhende alipojaribu kutangulia ili yaishe, walimshika koti huku na huku mpaka mshono wa mgongoni ukaachia. Kupita dirishani ni kazi ya mwizi. Kukutania uwanjani nako hakukufaa, kwa kuwa kwetu neno la uwanjani halimfungi mtu. Wakasimama juani siku ya kwanza na siku ya pili, watu wazima tisa waliosoma na wasiosoma, na siku ya tatu ndugu zao wakaanza kuja na marungu.

Huku nyuma maghala ya mbegu ya serikali yalikuwa na kufuli, na sheria ilisema hayafunguliwi ila kwa amri ya baraza lililoketi ndani na kutia sahihi. Mwaka uliopita ulikuwa wa ukame, na watu walikuwa wamekula hata mbegu walizotunza. Mawingu yalikwisha kukusanyika.

Ndipo Holo, mkewe Ngulumbi, alipofika kutoka bondeni kwa miguu, amebeba kibuyu chake cha mbegu. Alikipindua mbele ya mumewe na hakikudondoka kitu.

"Mwana wa Mlekwa," alisema, "mvua iko ng'ambo ya mto. Ikifika tupande nini? Suti?"

Ngulumbi aliutazama ukuta, na ukuta ule aliujua jiwe kwa jiwe, kwa sababu aliujenga yeye na baba yake siku za kazi za shuruti. Lile jiwe refu la juu ya mlango alilipandisha Mlekwa mgongoni, msimamizi akiwa nyuma yake na kiboko, na lilimvunja kifua, akafa kabla chokaa haijakauka. Walimzika kando ya machimbo, na mvua ililifuta kaburi. Hakikubaki chochote cha Mlekwa duniani isipokuwa jiwe lile lenye alama za patasi yake, na kila Ngulumbi alipofika mjini alipita kwanza kulitazama, halafu ndipo akaenda kwenye shughuli zake. Holo aliyajua hayo, ndiyo maana hakumwambia la kufanya. Moyo ulimuuma Fahali wa Machimbo, ulimuuma sana.

Alivua koti, akalikunja, akampa mkewe. Akaagiza nyundo ya machimboni.

"Ndugu zangu," alisema, "mlango huu ni wa mtu mmoja. Nautoa."

Alipiga tangu asubuhi hadi jua likapinduka, akiwa amesimama nje, wala hakuingiza ndani hata kidole cha mguu, asije mtu akasema ametangulia. Mawe yakaanguka kuume na kushoto, waliokuja na marungu wakayatumia kusukumia vifusi, mpaka zikabaki nguzo mbili na jiwe la Mlekwa juu yake.

Sengo, Waziri wa Elimu, mtu wa milimani, alimshika mkono. "Ngulumbi, hilo ni la baba yako. Liache."

"Baba alilipandisha kwa kiboko," alisema Ngulumbi. "Acha mwanawe alishushe kwa hiari."

Akaliingizia bega, akalivuta upande wa nje, akashuka nalo taratibu mpaka akalilaza chini mbele ya lile pengo. Waliokuwa karibu walisikia kitu kikikatika kifuani mwake. Alijifuta mdomo kwa mkono wa shati, akawaambia wenzake washikane mikono, wa mlimani kando ya wa bondeni. Holo ndiye aliyehesabu. Alipofika tatu, nyayo tisa zilivuka jiwe na kutua ndani pamoja, na mgeni hakuwepo.

Amri yao ya kwanza ilikuwa kufungua maghala, na sahihi ya Ngulumbi ina vumbi la chokaa mpaka leo. Mvua ilinyesha siku ya nne baada ya amri hiyo, ikakuta mbegu ardhini.

Alitumika akikohoa hadi mavuno. Holo alimpelekea uji wa mtama mpya, akanywa nusu kikombe, akasema, "Ukuta usijengwe tena," na hakusema lingine. Watu walipotaka kulihamishia jiwe kaburini kwake, Holo alikataa. Alisema baba mkwe wake hakuwa na kaburi, basi jiwe likae pale watu wote wapitapo, wamkumbuke yeye na mwanawe.

Nyumba ya baraza haina ukuta wa mbele hata sasa. Mvua ya upepo huwalowesha mawaziri karatasi zao, nao hunung'unika, na waache wanung'unike. Kila baraza jipya hushikana mikono mbele ya jiwe, na akina mama waliojaa uwanjani huhesabu. Mguu wa mmoja ukitangulia, humwambia, "Rudi, mwanangu. Mlango aliutoa Ngulumbi." Naye hurudi, akashika mkono wa mwenzake, wakahesabiwa upya.